Vani zinazovutwa na magurudumu ya mbele kwa kazi ya kusambaza bidhaa: zinafaa Nairobi au tunajidanganya?

#1 MamaKreti

Hamjambo wanajukwaa. Huu ni mwaka wangu wa tatu nikisambaza maziwa na mkate katika maduka ya Gachie, Ndenderu, Ruaka na Banana, na kazi yote naifanya kwa Nissan NV200 moja ya otomatiki. Kwenye lami sina la kulalamikia: haili mafuta mengi, sakafu yake iko chini, na naiegesha hata mahali ambapo mkokoteni unasitasita. Shida yangu ni kilima kimoja cha udongo mwekundu ndani ya Gachie, ukishaacha lami, ambacho mvua ikinyesha usiku hakinipitishi.

Alhamisi iliyopita, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa na kreti 50 za maziwa. Nilipofika katikati ya kilima, gurudumu la mbele la kushoto lilianza kuzunguka pale pale likirusha matope hadi kwenye kioo cha pembeni, pua ya gari ikawa inahama huku na huku kama ng'ombe anayekataa kamba, kisha gari zima likaanza kuteleza kurudi nyuma huku mguu wangu ukiwa umekanyaga mafuta. Wakati huo huo TownAce ya jirani yangu muuza mayai ilinipita ikipanda taratibu, na dereva wake akanipigia honi moja fupi ya pole.

Nataka kununua vani ya pili kabla ya mvua za Machi. Dai langu, ambalo niko tayari likosolewe, ni hili: gari linalovutwa na magurudumu ya mbele halifai kubeba mizigo katika mji wenye vilima na barabara zisizo na lami, kwa sababu kadiri unavyolipakia ndivyo unavyoyapunguzia uzito magurudumu yanayofanya kazi. Nimekosea wapi?

#2 MsukumoWaNyuma

Dada, hujakosea popote. Simama asubuhi pale soko la Marigiti uhesabu magari yanayobeba mizigo ya kweli: Canter, HiAce, Caravan, Bongo, TownAce. Yote husukumwa na magurudumu ya nyuma, na kila gunia unaloongeza linayakanyagia magurudumu hayo chini zaidi. Mjapani aliyeyaunda hakuwa mjinga. Uza hiyo NV200 ununue TownAce, uzi ufungwe.

#3 HesabuKwanza

Uzi usifungwe. Mjapani huyo huyo asiye mjinga alituletea Toyota Probox mwaka 2002, Nissan AD, na hiyo NV200 yenyewe mwaka 2009, na zote hizo kwa kawaida yao huvutwa na magurudumu ya mbele. Ukienda Ulaya utakuta jambo hili ni la kale zaidi. Citroën H ya Ufaransa, iliyoundwa kuanzia mwaka 1947 hadi 1981, ilikuwa vani ya mvuto wa mbele, na ilipendwa na wauza mboga na wachinjaji kwa sababu sakafu yake ilikuwa karibu na ardhi. Fiat Ducato imevutwa kwa mbele tangu mwaka 1981. Volkswagen, ambao kwa miaka 40 injini ya vani zao ilikaa nyuma, waliihamishia mbele pamoja na mvuto wake walipotoa T4 mwaka 1990. Hata Mercedes-Benz Sprinter ya mwaka 2018 ilipata toleo la mvuto wa mbele, ambalo kizingiti chake cha kupakilia kiko chini kwa sentimita 8 na linabeba kilo 50 zaidi ya ndugu yake wa msukumo wa nyuma.

Sababu iko wazi. Ukiondoa propela shafti, ule mtaimbo mrefu unaopeleka nguvu ya injini nyuma, na difu ya nyuma, zile gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, chini ya sakafu hakuna kinachokulazimisha kuiinua, na uzito uliookoa unaugeuza kuwa mzigo. Kwa hiyo swali la MamaKreti si kama vani hizi zinafaa kubeba mizigo. Swali ni kama zinafaa kilima kile.

#4 KibandikoCha400

Tunazungumzia mvuto wa mbele na hakuna aliyetaja miraa? Probox zinazotoka Maua, kule Meru, kuja Nairobi zimejaa hadi utingo analala juu ya magunia, na zinawahi. Ninayo moja. Nyuma, kwenye mlango wa buti, bado ina kile kibandiko cha Kijapani ambacho wengi wetu hatukijui ni cha nini: herufi tano zisizosomeka kwetu, kisha 400 na kg. Ndio mzigo wa mwisho ulioruhusiwa kwao. Huku kwetu nadhani kinasomwa kama mzigo wa kuanzia.

#5 HesabuKwanza

@KibandikoCha400 umenichekesha, lakini ushahidi wako una tundu. Barabara ya kutoka Meru hadi hapa ni lami, na dereva wa miraa anategemea kasi. MamaKreti alikuwa anapanda udongo uliolowa kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Huwezi kutumia mtihani wa mmoja kumpa alama mwingine.

#6 FundiWaKariobangi

Nimefungua na kufunga magari haya kwa miaka 17, kwa hiyo nitauliza maswali ya fundi kabla hamjauza gari la mwenzenu. Tairi za mbele ziko katika hali gani, na zina herufi LT au C ubavuni, yaani za magari ya mizigo, au ni zile za saluni ulizouziwa kwa sababu zilikuwa rahisi? Upepo kiasi gani? Na ukikata kona hadi mwisho, unasikia mlio wa ka-ka-ka kutoka gurudumu la mbele?

Nauliza hivyo kwa sababu tairi ya mbele ya gari la mvuto wa mbele ina kazi tatu: inavuta, inakata kona, na inafanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Inaisha mapema. Nimewahi kuletewa NV200 ambayo mwenyewe aliapa kwamba giaboksi imekufa, kumbe tairi za mbele zilikuwa laini kama kisigino cha mtu mzima na za nyuma bado zina vinyweleo vyake vya kiwandani.

Upande wa vipuri, adui mkubwa ni ule mpira unaofunika jointi ya CV, kiungo kinachopeleka nguvu kwenye gurudumu la mbele hata likiwa limekata kona. Ukichanika, grisi inatoka na matope yanaingia, na ndani ya wiki chache jointi inaanza kulia. Mpira ni bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Jointi nzima ni habari nyingine. Lakini hao wa msukumo wa nyuma wasijione: wana krosi za propela shafti, bearingi ya katikati na oili ya difu, na hakuna hata mmoja anayekumbuka kubadilisha oili hiyo.

#7 MsukumoWaNyuma

Mimi nakumbuka.

#8 FundiWaKariobangi

@MsukumoWaNyuma difu yako ilikuja kwangu mwezi wa nane ikiwa na oili nyeusi kama kahawa ya msibani. Tusifike huko.

#9 MzeeWaLimuru

Salamu kwenu vijana. Niliendesha Renault 4 ya kupeleka dawa katika zahanati za upande wa Kiambu na Limuru miaka ya sabini, gari la mvuto wa mbele ambalo gia yake ilichomoza kwenye dashibodi kama mpini wa pampu ya baiskeli. Mvua ikizidi na kilima kikikataa, hatukubishana. Tuligeuza gari, tukapanda kinyumenyume.

Msicheke. Gari likipanda kilima, uzito wake huegemea upande wa chini. Ukipanda kwa pua, upande wa chini ni magurudumu ya nyuma, ambayo katika gari hilo hayafanyi lolote isipokuwa kufuata. Ukipanda kwa rivasi, magurudumu yanayoendesha ndiyo yanayokuwa chini, na uzito unayaegemea. Kilima kilichonikataa mara tatu kwa mbele nilikipanda mara ya kwanza kwa nyuma, kondakta wa basi akiwa amesimama kando akinishangaa.

Nawaambia pia jambo ambalo MsukumoWaNyuma hatalipenda. Baadaye nilipewa pikapu ya Peugeot 404, ya msukumo wa nyuma, gari lenye sifa zote mnazozijua. Likiwa na mzigo lilipanda kama mbuzi. Likiwa tupu, mvua ikinyesha, sehemu ya nyuma ilitaka kufika Nairobi kabla ya mimi. Tulikuwa tunabeba magunia mawili ya mchanga, yanapakiwa asubuhi na kurudishwa jioni, bila mteja wala malipo.

#10 MamaKreti

Asanteni nyote. @FundiWaKariobangi tairi zote nne nilibadilisha, lakini si siku moja: mbili mwaka jana mwezi wa pili, mbili mwezi wa kumi. Zile mpya mwenye duka la tairi aliziweka nyuma, akasema ndiyo kanuni. Mlio wa ka-ka-ka sijausikia.

@MzeeWaLimuru shikamoo. Ushauri wako nimeuelewa, ila vani yangu ikijaa kreti hadi juu sioni chochote kupitia kioo cha nyuma, nabaki na vioo vya pembeni tu, na kilima hicho upande mmoja kina mtaro unaotosha kumeza tairi. Halafu fikirieni watu wa Gachie wakiniona alfajiri napanda kwao kinyumenyume. Nitapewa jina.

#11 KibandikoCha400

Jina tayari unalo: Mama Rivasi.

#12 DerevaWaVifurushi

Ningependa kuongeza kisa changu kwa sababu naona wote mnadhani mzigo maana yake ni kilo. Mimi nasambaza vifurushi vya watu wanaonunua mtandaoni: Kilimani, Lavington, South B, mara moja moja Syokimau. Vani inajaa hadi dari na bado haijafika kilo 250. Nashuka na kupanda mara 60 au 70 kwa siku. Kwangu mimi swali la kilima halipo. Swali ni goti. Niliwahi kuendesha HiAce kwa miezi minane, ambamo dereva anakaa juu ya injini, unapanda kwa kushika mlango kama unaingia darini, na ifikapo saa nane mchana paja la kushoto linaiva kwa joto. Nilipohamia NV200 niliingia kama mtu anayeketi kitini. Sakafu ya mizigo nilipima kwa utepe: inanifika chini kidogo ya goti, wakati ile ya HiAce ilipita goti. Zidisha sentimita hizo kwa vifurushi vyote vya mwaka, kisha uniambie habari za msukumo.

#13 MsukumoWaNyuma

Ndugu, wewe unabeba viatu na vifuniko vya simu. Hata baiskeli ingekutosha. Uzi huu unahusu maziwa.

#14 DerevaWaVifurushi

Uzi unahusu kusambaza bidhaa, na kichwa chake kiko juu pale kwa asiyesoma.

#15 KijanaWaUtawala

Naomba kuingilia. Huku kwetu Utawala si udongo mwekundu, ni ule mweusi. Mvua ikinyesha unashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko, unajaza nafasi yote iliyo juu ya gurudumu hadi gurudumu lenyewe linakataa kuzunguka. Nimeona NV200, TownAce na Canter zimekwama kwa mstari mmoja kama zinasubiri mizani, na lililopita lilikuwa trekta. Kwa hiyo tujue tunazungumzia udongo upi. Ushauri wangu wa haraka kwa MamaKreti: gurudumu moja likianza kuzunguka bure, vuta breki ya mkono kidogo huku unakanyaga mafuta polepole. Difu inalazimika kupeleka nguvu kwenye gurudumu la pili.

#16 FundiWaKariobangi

@KijanaWaUtawala hapo umechanganya, na mtu akifuata atachoma breki bure. Ujanja huo ni wa kweli, lakini ni wa magari ya msukumo wa nyuma. Breki ya mkono ya vani hizi hushika magurudumu ya nyuma. Ikiwa difu iko nyuma, unapoivuta kidogo unalizuia lile gurudumu linalozunguka bure, na nguvu inahamia kwa mwenzake. Ikiwa difu iko mbele, umeshika magurudumu ambayo hayahusiki na ugomvi, umejiongezea mzigo wa kuvuta. Katika gari la mvuto wa mbele kinachoweza kusaidia ni breki ya mguu, kuigusa kidogo sana kwa mguu wa kushoto huku wa kulia ukiwa kwenye mafuta, na sikushauri ujifunzie jambo hilo kilimani saa kumi na moja alfajiri ukiwa na maziwa ya watu.

#17 KijanaWaUtawala

Nimekubali fundi. Mimi nilifundishwa na mjomba, na mjomba ana Bongo.

#18 BiMzani

Kuhusu Bongo: anayepanga kuinunua ajue kwamba Mazda iliacha kuunda Bongo yake mwenyewe mwaka 2020. Inayouzwa sasa kule Japani kwa jina hilo ni TownAce iliyobadilishwa nembo. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, Bongo halisi itazidi kuadimika kwenye yadi. Ni mambo hayo hayo kwa Mazda Familia Van: muuzaji mmoja aliniapia kwamba yote ni Nissan AD ndani. Zile za kabla ya mwaka 2018 ni kweli. Za baada ya hapo ni Probox. Vipuri utakavyonunua vinategemea mwaka, kwa hiyo msinunue kwa kusikia.

Na TownAce yenyewe mnayoisifu ni Daihatsu kwa damu, inaundwa Indonesia.

#19 MsukumoWaNyuma

Kwa damu yoyote ile, Alhamisi ilipanda.

#20 HesabuKwanza

Nadhani tunarukia majibu kabla ya kujua gari la MamaKreti linakanyaga ardhi vipi. Uzito wa mzigo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni mahali ulipokaa. Ekseli ya nyuma ni kama mhimili wa ule ubao wa pembea ambao watoto hukaa mmoja kila ncha. Mzigo uliowekwa mbele ya ekseli hiyo hugawa uzito wake, sehemu ikaenda kwenye magurudumu ya mbele. Mzigo uliokaa nyuma yake, karibu na mlango, hunyanyua pua. Kilo zile zile zinaweza kukusaidia au kukuangusha.

MamaKreti, maziwa unayaweka wapi?

#21 MamaKreti

Nyuma kabisa, mlangoni. Maduka yanataka maziwa kwanza, kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo yanapakiwa mwisho ili yashushwe mwanzo. Mkate ndio ulio mbele, nyuma ya viti. Sasa naanza kuona mnakoelekea.

#22 HesabuKwanza

Basi umepanga vani yako kama mtu anayetaka kuinyanyua pua kwa makusudi: vyepesi mbele, vizito mkiani. Pakiti ya nusu lita ni zaidi kidogo ya nusu kilo, kreti yenye pakiti 18 haipungui kilo 10, na kreti 50 ni zaidi ya nusu tani. NV200 ina milango ya kuteleza pande zote mbili. Weka maziwa nyuma ya viti, uyatoe kwa mlango wa ubavuni, mkate uende mlangoni. Tafuta mizani ya ardhini, pima magurudumu ya mbele peke yake kisha ya nyuma, kwa mipangilio yote miwili, utuletee namba.

#23 DerevaWaVifurushi

Mpangilio huo nautumia, ila ona usumbufu wake: kwenye vichochoro unaegesha ukiwa umebana ukuta, na mlango wa ubavuni unafunguka ukikutana na ukuta huo. Siku nyingi unafungua upande wa barabarani, boda boda zinapita zikikunyoa mgongo.

#24 MzeeWaLimuru

Na utingo atalalamika. Utingo hulalamika kila jambo linapobadilika, hata likiwa la kumfaa.

#25 MamaKreti

Nimerudi na namba, poleni kwa kuchelewa. Mnunuzi mmoja wa vyuma chakavu aliniruhusu kutumia mizani yake kwa bei ya pakiti nne za maziwa. Tulikuwa mimi, utingo na mzigo wote, jumla kilo 1,920. Maziwa yakiwa mlangoni, magurudumu ya mbele yalikanyaga kilo 780 na ya nyuma 1,140. Maziwa yakiwa nyuma ya viti, mbele 930 na nyuma 990. Sikuamini, nikarudia. Ilitoka vile vile, kasoro kilo chache.

Mzee, utingo amelalamika.

#26 HesabuKwanza

Kilo 150 zimehama bila kushusha hata kreti moja. Sasa tukipeleke kilimani. Tuseme kinapanda mita 15 kwa kila mita 100. Ili gari la kilo 1,920 lipande hapo linahitaji msukumo wa karibu kilo 288, na mwinamo wenyewe unaziondolea tairi za mbele kama kilo 74 nyingine, nikikadiria kitovu cha uzito kwenye sentimita 70 kutoka ardhini. Kwa mpangilio wa zamani, kwa kila kilo 100 zilizokanyaga tairi za mbele, ardhi ililazimika kukurudishia kilo 41 za mshiko. Kwa mpangilio mpya ni kilo 34. Kwenye lami hakuna tofauti, zote unazipata. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, kati ya 34 na 41 ndipo mtu anapofika au anapokwama.

#27 MsukumoWaNyuma

Nashukuru kwa hesabu, sasa imalizie. Mpe gari hilo hilo msukumo wa nyuma, na maziwa yaachwe mlangoni alikoyataka mwenyewe. Magurudumu ya nyuma yana 1,140, mwinamo unayaongezea 74, yanakuwa 1,214. Gawanya 288 kwa hiyo. Ardhi inadaiwa kilo 24 tu kwa kila 100. Mimi sikumaliza darasa la hesabu lakini najua 24 ni ndogo kuliko 34.

#28 HesabuKwanza

Hesabu yako ni sahihi na nakupa haki yako. Ila gari hili linarudi likiwa tupu. Vani ya msukumo wa nyuma yenye injini chini ya viti, ikiwa tupu, uzito wake mwingi uko mbele, kama Mzee alivyosimulia kwa Peugeot yake. Nikikadiria magari mawili yanayolingana uzito, kwenye kilima hicho hicho yakiwa matupu, la msukumo wa nyuma litadai ardhi kama kilo 31 na la mvuto wa mbele kama 27. Tofauti si kubwa, lakini imegeuka upande. MamaKreti anashinda nusu ya siku akizunguka na kreti tupu.

#29 FundiWaKariobangi

Hesabu zenu nzuri, lakini hakuna aliyegusa tairi. Mwenye duka aliweka mpya nyuma. Watengenezaji wengi wa tairi hushauri hivyo, kwa sababu nyuma ikiteleza kwenye lami yenye maji gari linajigeuza na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha, ilhali mbele ikiteleza anapunguza mwendo na mambo yanatengemaa. Huo ni ushauri wa kasi ya Thika Road. Kwa kilima cha Gachie, tairi yenye meno inatakiwa pale inapovuta. Ndiyo maana nasema tatizo lake si mvuto wala maziwa. Ni tairi za mwaka jana mwezi wa pili.

#30 BiMzani

Kwa hiyo fundi unamshauri ajigeuze Thika Road ili apande Gachie?

#31 FundiWaKariobangi

Namshauri anunue mbili nyingine, zote nne ziwe sawa. Bei yake ni ndogo kuliko TownAce.

#32 MamaKreti

Taarifa ya mwisho kwa wiki hii. Jumamosi nilipanga maziwa nyuma ya viti, nikaingia kilimani, nikapanda bila gurudumu kuzunguka hata mara moja. Nilifurahi hadi juu, nikasimama, utingo akaniuliza ninafurahia nini, kwa sababu mvua ilikuwa haijanyesha tangu Jumatano na hata mkokoteni wa maji ulikuwa unapanda.

#33 MsukumoWaNyuma

Hahaha. Utingo huyo apewe uanachama.

#34 MzeeWaLimuru

Subiri mvua, binti. Na mtaro ule, kama uko mkono wa kushoto ukipanda, ukumbuke utakuwa mkono wa kulia ukipanda kwa rivasi.

#35 MamaKreti

Uko kushoto, Mzee. Nimewasha kengele ya simu saa kumi kasorobo, na nje sasa hivi nasikia inadondoka juu ya mabati.